Simu ya Kukwea Nayo

Siku ya kwanza aliingia dukani kwangu na kipande cha sabuni. Ilikuwa sabuni ya mche, ile ya kufulia. Alikuwa ameikata kwa panga na kuzilainisha pembe zake kwa kidole, kama mtu aliyekuwa na wakati wa kutosha. Akaiweka juu ya kioo cha kabati, akaisukuma taratibu upande wangu.

"Fundi," akasema, "nataka simu isiyozidi hii. Kwa urefu, kwa upana na kwa unene. Ila akili isipungue."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamtolea simu tatu za batani, nikazipanga kando ya sabuni yake. Alizitazama kama mtu aliyeandaliwa uji kwenye karamu ya harusi.

"Hizi ni za kuitia watu. Mimi nataka ya kuonea. Iwe na kamera ya kuona mbali na picha isiyo na ukungu. Chaji ifike magharibi. Na ikirowa jasho isife."

"Baba, simu hizo zipo, lakini ni kubwa."

"Kubwa sina pa kuitia," akasema. Akachukua sabuni yake, akaniaga vizuri, akaondoka.

Nilikuwa mgeni Ukunda wakati huo. Mimi ni mwanamke wa bara, na kwetu bara mtu mzima akionekana juu ya mti, basi anafukuzwa na mbwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mzee yule alikuwa mkwezi, na kwamba hiyo ni kazi ya mtu kuheshimiwa nayo. Hoteli za Diani na wenye nyumba za ufuoni walimwita aangue nazi kabla hazijajiangua zenyewe juu ya vichwa vya wageni. Alikwea na kitanzi cha kamba miguuni, panga mgongoni, na simu kibindoni.

Hapo kibindoni ndipo penye habari yote. Kikoi ukikivaa na kukikunja kiunoni, ule mkunjo unakuwa mfuko. Mwanamume wa pwani huweka humo tumbaku, ufunguo, noti na siri zake. Lakini mkwezi anaukumbatia mnazi. Tumbo lake na shina la mnazi havina nafasi kati yao. Kitu kidogo kitalala kibindoni salama. Kitu kirefu kitamchoma mbavu, au kitavunjika, au kitateleza. Alikuwa na simu ndogo ya zamani, ya kioo cha kugusa, ambayo kampuni iliacha kuitengeneza kitambo. Kioo kilikuwa na nyufa kama kiganja cha mkulima, na kamera yake ilikuwa imechoka kuliko mwenyewe. Ndiyo aliyotaka kuistaafisha.

Na huko juu alikuwa akipiga picha gani? Nilimwuliza siku moja, nikidhani ataniambia bahari.

"Bahari naiona bure," akasema. "Napiga vichwa."

Alikuwa akipiga vichwa vya minazi. Kila mnazi aliokwea aliupiga picha kileleni, pale makuti machanga yanapochipuka, ambapo wadudu wenye pembe hutoboa na kuingia kula kichilema, ule moyo laini wa mnazi. Mnazi ulioliwa moyo huendelea kuwa kijani kwa muda, ukimdanganya mwenyewe. "Mwenye mnazi," alikuwa akisema, "anaujua mnazi wake kama mtu anavyomjua jirani wa ukuta mrefu. Anaona miguu tu." Basi alimshukia mwenye mnazi na ushahidi. Picha zake alizigawa makundi makundi, na makundi hayo aliyaita wodi. Kulikuwa na wodi ya waliopona, wodi ya wanaotazamwa, na wodi moja ambayo alikuwa akiifungua kwa sauti ya chini.

Niliwahi kumwona kazini. Hoteli moja ilikuwa imeniita nitengeneze simu ya mapokezi, nikamkuta bustanini akibishana na meneja, kijana aliyetoka bara kama mimi.

"Mzee, hii mti iko fiti," meneja akasema. "Si unaona ni green kila mahali?"

Mkwezi akatoa simu yake, akamwonyesha. Meneja akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaigeuza juu chini. "Mimi sioni kitu. Hii picha ni kama uji."

"Basi ondoa viti hapa chini, mwanangu. Mti uache, lakini viti viondoe. Nifanyie ihsani hiyo."

Viti viliondolewa, nadhani ili mzee anyamaze. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, kichwa cha mnazi ule kilikatika kizima, na makuti yake na nazi zake, kikaanguka palepale vilipokuwa vile viti. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo meneja yule alianza kusema shikamoo, tena ya kuinama.

Mtu mwingine angetembea Ukunda nzima akijisifu. Yeye alikuja dukani alasiri ile, akakaa kwenye kibao changu, akanywa maji glasi mbili.

"Picha ingekuwa safi," akasema mwishowe, "asingenibishia. Siku hizo tatu, fundi, kila nikisikia king'ora barabarani nilikuwa nauliza ni nani."

Hapo ndipo nilipoacha kumcheka na kuanza kumtafutia kwa dhati.

Kumtafutia simu ndogo yenye akili kulinifundisha jinsi dunia ilivyo. Kila mwaka simu zilizidi kurefuka. Wauzaji wangu wa jumla walinijibu kwa vicheko. "Mathe, hiyo size iliisha," mmoja akaniandikia. Ndogo zilizobaki zilikuwa zimepunjwa kila kitu, kana kwamba mtu anayetaka kitu kidogo amekubali pia kitu kibovu. Nilipomweleza mkwezi, alikasirika kwa heshima, kama alivyofanya mambo yake yote.

"Nani kawaambia kidogo ni kibaya? Iliki ni ndogo, na pilau haisimami bila iliki."

Akanitaka nimwandikie barua kwa hao wanaotengeneza. Nikamwambia siku hizi hakuna barua, kuna mahali pa kutoa maoni. Akasema maoni ndiyo hayohayo. Akasimama katikati ya duka, mikono nyuma, akaniimlia: "Assalamu alaikum. Ama baada ya salamu. Mimi ni mkwezi wa minazi, na mkono wangu mmoja una kazi. Simu zenu zinataka mikono miwili. Je, mnatengenezea watu waliokaa tu?" Niliituma kama ilivyo. Baada ya dakika moja likaja jibu la mashine likimshukuru kwa maoni yake na kumwahidi kwamba ni muhimu sana. Alinitaka nimsomee mara mbili.

"Wamejibu!" akasema. Wiki nzima kila aliyempita alihadithiwa kwamba wamejibu, na upesi ule!

Salamu zilikuwa jambo kubwa kwake. Nilipokuja pwani nilikuwa na Kiswahili cha kukimbia, na yeye hakukivumilia. Asubuhi moja alipoingia nilimwambia, "Sema mzee, niaje?" nikiwa nimeinamia simu ya mtu. Alitoka nje, akasimama kidogo juani, akaingia tena upya kana kwamba hajawahi kufika.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje? Watoto hawajambo? Na huko kwenu bara wazima? Alhamdulillahi." Kisha akakaa. Tangu hapo, nikikosea, alikuwa akitazama mlango tu, nami najirekebisha mwenyewe. Wateja walidhani ni mtu anayetaka kuondoka.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Mtu huyu aliyekwea mnazi mrefu kuliko jengo lolote la Kona ya Musa pale Ukunda alikuwa akiogopa ngazi. Nilipohamishia duka ghorofa ya kwanza, hakupanda hata siku moja. Alikuwa akisimama chini na kuniita kwa sauti, nami nateremka na bisibisi mkononi.

"Baba, ni vidato kumi na viwili tu!"

"Mnazi kaumba Mola bila haraka. Ngazi hiyo nilimwona fundi wake akiijenga. Alikuwa na haraka."

Alikuwa pia akiwalaani watu wanaotembea huku wakitazama simu, wakati yeye aliitazama yake akiwa juu, penye upepo, mkono mmoja umeshika kuti. Na hakukubali kupigwa picha. Katika picha zote za wodi zake, maelfu kwa maelfu, hamna uso wake. Kuna moja tu yenye kidole gumba, na hiyo aliniomba niifute.

Jambo jingine alilificha. Macho ya karibu yalikuwa yamefifia. Ya mbali alikuwa nayo kama mwewe, lakini kusoma ujumbe kwenye kile kioo kidogo hakuweza. Alikuwa akinikabidhi simu na kusema, "Hebu nisomee, leo nimesahau miwani." Nilimfahamu miaka yote hiyo, na sikuwahi kuiona miwani aliyokuwa akiisahau.

Ujumbe mwingi ulitoka kwa binti yake. Binti huyu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani, mwanamke mwepesi wa kucheka na mgumu wa kuyumbishwa, kama babake. Mara nyingi aliandika jambo moja kwa maneno tofauti. Baba, leo upepo ni mkali. Baba, umekula? Baba, umeshuka? Nikimsomea hilo la mwisho alikuwa akiniambia, "Mwandikie nimeshuka," hata kama ndiyo kwanza anakwenda kazini.

Kisha binti mwenyewe akaja dukani. Alipanda ngazi zangu haraka, bado na aproni yake, akataka simu kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo.

"Ya nani, dada?"

"Ya baba."

Nikaweka mikono juu ya kabati. Nikamweleza yote. Nikamwambia babake anatafuta ndogo, na ametafuta miaka mingi, na kubwa haingii kibindoni.

"Najua haiingii," akasema. "Ndiyo maana nataka kubwa."

Akakaa kwenye kibao kilekile ambacho babake alikuwa akikikalia zamani, kabla sijahamia juu. "Nimemwomba. Nimemlilia. Nimempelekea imamu. Ananiambia, mwanangu, wagonjwa wangu nitamwachia nani? Hakwei bila simu, dada, unamjua. Ile yake ya zamani betri imevimba, karibu itapasuka. Nikimpa hii, hataweza kunikatalia zawadi, na hataweza kukwea nayo. Atakaa chini. Sitaki kingine. Nataka baba yangu akae chini."

Ningekataa kuiuza? Angeinunua duka la pili. Ndivyo nilivyojiambia. Nilimfungia vizuri, nikamwekea na kava la rangi ya maji ya bahari, na mkwezi alipokuja juma lililofuata kunionyesha zawadi ya mwanawe, nilimpongeza. Alikuwa ameibeba ndani ya kikapu, imefunikwa kwa kitambaa kama mkate wa mofa. "Nzuri," akasema akiwa amesimama pale chini ya ngazi. "Mwanangu ana roho nzuri. Ni nzuri mno." Akaitazama, akanitazama, akaifunika tena. Nami nilijua, na sikusema.

Alikaa chini siku kumi na moja. Binti yake alizihesabu. Siku ya kumi na mbili aliifunga simu ile kibindoni kwa utepe aliomtaka mkewe amshonee, akasema Bismillahi, akaukwea mnazi wa jirani aliyemwomba. Alipofika nusu, utepe ukafunguka. Simu ikaanza kuteleza taratibu, ikitoka upande. Mkono wa kushoto ukaacha mnazi ukaifuata. Waliokuwapo walisema hakupiga kelele. Alishuka lile shina kwa kifua, akikwaruzika, na mwisho akaangukia bega la kushoto, na simu ikapasuka kando yake.

Nilikwenda kumwona hospitalini Msambweni. Nilinunua machungwa, na njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno. Nilimkuta amefungwa mkono na kifua, amekaa wima kama bwana harusi. Nilisalimu ipasavyo. Aliitikia ipasavyo, akauliza hali za wote, hata za bara.

"Baba," nikasema, "ile simu niliiuza mimi. Na nilijua ameinunulia nini. Nisamehe."

Alianza kucheka, na kicheko kikamfika begani, akaishia kuguna. "Usinichekeshe, fundi. Utaniua. Hata mimi nilijua. Mtoto aliyekuwa akinifulia vikoi tangu ana miaka minane, awe haujui ukubwa wa kibindo changu?"

"Sasa kwa nini ulikwea nayo?"

"Nilitaka kumwonyesha kwamba naweza."

Akaangalia machungwa yangu.

"Nikamwonyesha," akasema.

Mfupa uliunga, lakini mkono ule ulikataa kupita usawa wa sikio. Watu wa Diani walimtafuta mkwezi mwingine, kisha mwingine. Mimi sikuacha kutafuta. Nitasema ukweli, nilitafuta zaidi kuliko zamani, kama mtu anayelipa kitu, ingawa hakuna aliyenidai. Na mwaka uliopita nikaipata. Mgeni mmoja mzee aliyekuwa akirudi kwao aliniachia simu yake iliyovunjika kioo, akasema hana haja nayo tena. Ilikuwa ndogo, ndogo hasa, na ndani yake ilikuwa na kila kitu. Kamera yake ilivuta mbali bila ukungu, ilihimili maji, na chaji yake ilipitisha siku. Kioo chake nilikingoja miezi minne. Nilipokipachika na ikawaka, nilifunga duka saa nne asubuhi na kupanda gari la Msambweni linalopita kwake.

Nilimkuta barazani kwake, na binti yake, aliyekuwa na siku ya mapumziko, amekalia mbuzi akikuna nazi. Mzee alikuwa akinung'unika.

"Nazi za sokoni hizi. Tazama, imeanguliwa changa. Mtu alikuwa na haraka."

"Baba, ni nazi," binti akasema. "Itatoa tui tu."

Tulisalimiana mpaka salamu zikaisha. Kisha nikaitoa simu mkobani, nikamwekea kiganjani. Binti akaacha kukuna.

Mkwezi aliipima kwa kidole gumba, akakuta gumba linafika kila pembe. Akaiwasha. Akailenga kwenye mnazi uliokuwa nyuma ya nyumba ya pili, akavuta, akavuta tena, na kichwa cha mnazi ule kikaja mbele yetu na kila ukuti wake, na tundu dogo jeusi pembeni mwa chipukizi. "Huyo," akasema polepole. "Huyo mwambieni mwenyewe, bado anatibika." Akasimama. Akaitia kibindoni. Akainama, akainuka, akachuchumaa, akazunguka baraza nzima kama anayecheza ngoma peke yake. Haikusogea.

Alibaki amesimama akiutazama ule mnazi kwa muda mrefu. Binti yake alikuwa ananitazama mimi, na sikuweza kumtazama. Nilianza kujuta. Nilikuwa nimekuja kulipa kwa mmoja, nikakopa kwa mwingine.

"Fundi," akasema. "Umenitafutia miaka sita."

"Saba sasa, baba."

"Na umeipata."

"Nimeipata."

Akaitoa. Akaifuta kwa pindo la kikoi, mbele na nyuma, akairudisha mkononi mwangu na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

"Mpe anayekwea," akasema. "Mimi nitafutie kubwa."

Binti akajifunika uso kwa leso, mabega yakaanza kumtikisika, na nazi iliyokunwa imemjaa mikononi.

"Sasa walia nini?" babake akamwuliza. "Si hiki ulichokuwa ukikitaka?"

"Ndicho, baba," akasema ndani ya leso, na hakuacha.

Ilibidi mmoja wetu aseme kitu, nami ndiye niliyekuwa muuzaji. "Kubwa kiasi gani, baba?"

Akaifungua mikono yake yote miwili, wa kulia mpaka mwisho wake, na wa kushoto mpaka pale ulipokubali kufika.